Vidonda vya Tumbo: Historia ya Ugonjwa Tulioambiwa ni Mawazo



Sisi huku Mwanza tunashona na kuuza nguo za maharusi, na fundi huona mambo ambayo pengine hata mama mzazi hajayaona. Bi harusi anapimwa leo, baada ya wiki chache anarudi kujaribu gauni, gauni linampwaya. Tukimuuliza, anacheka: "Vidonda vya tumbo tu, dada." Kwenye mkoba ana omeprazo na diklofenaki, zote pamoja. Mama yake anasema ni mawazo ya harusi. Shangazi anasema ni pilipili. Na jirani ameshamuuzia kopo la unga unaoitwa "seli shina", bei yake inatosha kununua kitambaa cha gauni zima.

Binti mmoja wa namna hiyo, ambaye jina lake tunalihifadhi, alitapika damu siku nane kabla ya nikaha. Nyumbani wote walisema vidonda vimepasuka. Alikuwa ametumia dawa za vidonda kwa miaka mitatu, akinunua dukani bila kupimwa hata mara moja. Alipofikishwa hospitali na kupimwa kwa kamera, tumboni mwake hakikuonekana kidonda hata kimoja. Tutarudi kwake baadaye.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuuliza: huu ugonjwa umetoka wapi, nani aligundua chanzo chake, na hizi tiba mpya za kuotesha upya nyama ya tumbo zina ukweli gani? Tuliyoyapata tunawaletea hapa, kwa sababu historia yake ina funzo kwa kila mwanamke aliyewahi kuambiwa maumivu yake ni mawazo tu.

Miaka ya tindikali na maziwa

Tumbo letu hutengeneza tindikali kali ya kusaga chakula. Ili tindikali hiyo isimle mwenyewe, Allah ameliwekea tumbo ute mzito unaolifunika kwa ndani. Kidonda hutokea pale ute unapoharibika na tindikali ikafika kwenye nyama. Vingine huwa ndani ya tumbo lenyewe, na vingine huwa mwanzoni mwa utumbo mdogo.

Mwaka 1910 daktari wa upasuaji kutoka Zagreb, Karl Schwarz, alisema pasipo tindikali hakuna kidonda. Neno hilo liliongoza udaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago alieneza tiba ya kunywa maziwa na malai kila saa pamoja na dawa za kupoza tindikali. Ushauri wa bibi zetu wa kunywa maziwa ukisikia kiungulia unafanana sana na huo. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali tena.

Baadaye ikaja zamu ya mawazo. Katikati ya karne iliyopita madaktari wengi waliamini kwamba mtu mwenye vidonda ni mtu wa wasiwasi, mwenye hasira za ndani, asiyeweza kupumzika. Mgonjwa aliambiwa abadilishe tabia, aache kazi, atulize roho. Walioshindikana walikatwa sehemu ya tumbo au mshipa wa fahamu unaoliamuru tumbo kutoa tindikali.

Mwaka 1976 ikaingia sokoni nchini Uingereza dawa ya simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black na wenzake. Mwaka 1988 Black alipata Tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikafuata omeprazo, ambayo leo karibu kila nyumba inaijua. Dawa hizi zilikuwa neema kubwa, maana vidonda vilipona bila kisu. Lakini mgonjwa akiacha dawa, mara nyingi vilirudi. Tindikali ilipunguzwa, na chanzo kikabaki palepale.

Daktari aliyekunywa bakteria

Mwaka 1979, katika mji wa Perth, Australia, daktari Robin Warren alikuwa akiangalia vipande vya nyama ya tumbo kwa hadubini. Aliona vijidudu vilivyojipinda vimekaa chini ya ute. Vitabu vya wakati huo vilisema hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye tindikali ya tumbo, kwa hiyo wenzake hawakumjali.

Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha vijidudu hao maabara, wakashindwa mara nyingi. Ikafika sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982, visahani vikaachwa kwa siku kadhaa kuliko kawaida kwa sababu watu walikuwa likizo. Waliporudi wakakuta bakteria wameota. Walihitaji muda tu.

Hata hivyo, wakubwa wa fani hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akachukua uamuzi wa ajabu: akakoroga bakteria hao kwenye maji, akanywa. Hata mke wake hakumshirikisha kwanza. Siku chache baadaye alianza kutapika na kunuka mdomo, na alipopimwa kwa kamera tumbo lake lilikuwa limevimba na limejaa bakteria. Hakufika kwenye kidonda, lakini alithibitisha kwamba mtu mzima mwenye tumbo safi anaweza kuugua kwa sababu yao.

Bakteria huyo leo anaitwa Helikobakta pailori. Mwaka 1994 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za afya za Marekani lilikubali kwamba mwenye vidonda na bakteria huyu apewe antibiotiki. Mwaka huohuo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2005 Warren na Marshall wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kuna mmoja ambaye hakupewa tuzo. Huyo ni John Lykoudis, daktari wa kawaida wa mji mdogo huko Ugiriki. Tangu mwaka 1958 alikuwa akiwatibu wagonjwa wa vidonda kwa antibiotiki. Alitozwa faini, majarida yakakataa maandishi yake, na alifariki mwaka 1980, kabla dunia haijajua kwamba alikuwa karibu na ukweli. Tunamtaja kwa sababu yanayosemwa na wengi, hata wakiwa wasomi, huwa si sahihi siku zote.

Bakteria wetu wa zamani sana

Usidhani huyu ni mdudu wa wazungu. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha vinasaba vya bakteria hawa kutoka nchi nyingi, wakakadiria kwamba walianza kusambaa na watu kutoka Afrika Mashariki kiasi cha miaka 58,000 iliyopita. Yaani mababu zetu walipohama, walihama naye tumboni.

Takriban nusu ya watu duniani wanaye, na wengi hawaugui kamwe. Aghalabu humpata mtu utotoni, ndani ya familia, kwa njia ya mdomo na kwa uchafu wa choo unaofika kwenye mikono, chakula au maji. Kwa hiyo kunawa mikono, kuchemsha maji ya kunywa, na kuacha kumtafunia mtoto chakula ni kinga ambayo haihitaji fedha nyingi.

Chanzo kikubwa cha pili tunakibeba wenyewe kwenye mikoba: dawa za maumivu. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alieleza jinsi aspirini inavyofanya kazi: inazuia kemikali fulani za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe. Kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ute wa tumbo. Mwaka 1982 naye alipata Nobel. Diklofenaki na ibuprofeni ziko kwenye ukoo huohuo. Binti anayemeza diklofenaki kila mwezi kwa maumivu ya hedhi, tena bila kula, au anayeimeza wiki nzima ya harusi kwa maumivu ya mgongo na miguu, anajitoboa polepole. Akiongeza omeprazo bila ushauri, anaziba dalili huku chanzo kikiendelea.

Basi na mawazo je? Na pilipili? Vinaweza kuzidisha maumivu na kiungulia, na mtu mwenye dhiki halali vizuri wala hali vizuri. Sigara nayo huchelewesha kidonda kupona. Lakini kumwambia mwanamke "punguza mawazo" bila kumpima ni kumrudisha kwenye udaktari wa kabla ya mwaka 1982.

Kiraka cha Bugando

Ukija Mwanza kwa meli, kabla hujashuka utaiona hospitali ya Bugando juu ya kilima. Ilifunguliwa mwaka 1971, na wagonjwa wa mikoa ya kanda ya ziwa hupelekwa hapo yanaposhindikana kwingine.

Mwaka 2011 daktari wa upasuaji Phillipo Chalya na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 84 waliopasuliwa hapo katika miaka mitano kwa sababu vidonda vilikuwa vimetoboka kabisa. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28 hivi. Wanaume walizidi, lakini si kwa mbali: kwa kila wanawake 10 walikuwepo wanaume 13 hivi. Takriban 7 kati ya 10 hawakuwahi kutibiwa vidonda kabla. Na karibu mmoja kati ya kumi alifariki.

Dada zetu, hao ni watu wa umri wa kuoa na kuolewa. Wengi wao kutoboka kwa tumbo ndiko kulikowafikisha kwa daktari.

Upasuaji waliofanyiwa wengi wao sisi mafundi tunauelewa haraka, kwa sababu ni kiraka. Ndani ya tumbo kuna utando wa mafuta unaoning'inia kama pazia mbele ya matumbo. Daktari huchukua kipande cha utando huo kikiwa bado kina damu yake, akakilaza juu ya tundu na kukishonea hapo. Njia hiyo inajulikana kwa jina la Roscoe Graham, daktari wa Kanada aliyeieleza mwaka 1937. Nguo ikiwekwa kiraka hubaki na kiraka. Mwili hufanya zaidi: ukishaziba, nyama huota yenyewe na kuungana. Lakini kama bakteria bado yupo, au diklofenaki inaendelea, panaweza kutoboka tena.

Damu iliyotoka pengine

Sasa turudi kwa binti yetu. Alikulia kisiwani, Ukerewe. Utoto wake wote alichota maji ziwani, akafua ziwani, akaoga ziwani. Kamera ilionyesha kwamba damu ilitoka kwenye mishipa ya umio iliyokuwa imevimba, na chanzo chake kilikuwa kichocho.

Minyoo ya kichocho cha matumbo hutaga mayai ambayo mengine hunasa kwenye ini. Ini hujaa makovu, damu inakosa njia ya kupita, inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya umio mpaka inapasuka. Mgonjwa hutapika damu kama mwenye vidonda, na kwa macho huwezi kutofautisha. Madaktari wa Bugando waliochunguza kwa kamera wagonjwa wa kutapika damu walikuta hiyo mishipa ya umio ndiyo sababu iliyoongoza, na vidonda vikafuata nyuma yake. Ndiyo maana sisi tuliokulia kando ya ziwa hatupaswi kujipa jibu wenyewe. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, na mishipa ya umio ina tiba yake ya kufungwa kwa kamera. Omeprazo peke yake isingemwokoa.

Alhamdulillah, alifungwa mishipa, akapewa dawa, harusi ikasogezwa mbele. Gauni lake lilikaa dukani miezi minne. Alipokuja kulijaribu tena ilibidi tulifungue mishono ya pembeni, na hatukuwahi kufumua mshono kwa furaha kama siku ile.

Tiba za kuotesha upya: ukweli uko wapi?

Tuje kwenye lile kopo la "seli shina". Jina hilo ni la kweli katika sayansi. Seli shina ni seli mama, zinazoweza kuzaa seli nyingine na kujaza pengo la zilizokufa. Utando wa ndani wa tumbo hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache kwa kazi ya seli hizo.

Wanasayansi wanajaribu kuzitumia. Mwaka 2010 kundi la Uholanzi lilionyesha seli shina za tumbo la panya na kuziotesha maabara. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walikuza kutoka kwenye seli shina za binadamu vitumbo vidogo vya milimita chache, wakaviambukiza Helikobakta ili waone anavyoanza kuharibu. Vitumbo hivyo ni vya kujifunzia, havijawekwa ndani ya mgonjwa wa vidonda.

Habari iliyotugusa zaidi inatoka Japani, katika Chuo Kikuu cha Tiba cha Wanawake cha Tokyo, ambacho mwanzo wake ni shule iliyoanzishwa na daktari mwanamke, Yoshioka Yayoi, mwaka 1900, wakati milango ya udaktari ilikuwa migumu kwa wanawake. Mwaka 2012 madaktari wa hapo walitoa taarifa ya wagonjwa 9 waliokuwa na jeraha kubwa kwenye umio baada ya kuondolewa saratani ya mwanzo. Walichukua seli kidogo za ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza zikawa karatasi nyembamba kama kitambaa, kisha wakazilaza juu ya jeraha kwa kutumia kamera. Hawakuhitaji uzi wala sindano. Hicho ni kiraka kilicho hai, kutoka mwilini mwa mwenye jeraha.

Wengine wanajaribu chembe za damu zinazosaidia majeraha kufunga. Yote haya yana matumaini, lakini bado ni utafiti. Kwa vidonda vya kawaida vya tumbo, tiba ya seli shina haijawa tiba inayotolewa hospitali kwa watu wote. Na hakuna katika kazi hizo iliyofanywa kwa unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Seli hai hukuzwa kwa uangalizi mkubwa, haziwezi kukaa kwenye kopo juu ya kabati. Anayekuuzia anatumia jina la elimu ya watu wengine.

Jambo zuri ni kwamba uotaji upya mkubwa kuliko wote tumeshapewa na Mola wetu bila malipo. Ondoa bakteria, acha dawa ya maumivu inayochubua, punguza tindikali kwa muda, na kidonda cha kawaida hufunga chenyewe ndani ya wiki chache, mara nyingi kati ya 4 na 8.

Tufanye nini?

Omba kupimwa. Kipo kipimo cha choo, kipo cha pumzi, na ipo kamera. Mwambie daktari kama unatumia omeprazo, maana huificha bakteria. Kwa kawaida huachwa wiki mbili kabla ya kipimo. Ukikutwa naye, tiba ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya tindikali, aghalabu kwa siku 14. Zimalize zote, hata ukijisikia vizuri siku ya tano. Watafiti wa Mwanza walionyesha mwaka 2019 kwamba baadhi ya bakteria wa hapa wameshakuwa sugu kwa klarithromaisini na kwa dawa za jamii ya siprofloksasini. Kisha rudi kupimwa, angalau wiki nne baada ya kumaliza.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au maumivu ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao, usingoje asubuhi wala usingoje harusi ipite. Nenda hospitali.

Kuhusu stara, dada zetu wengi huogopa kamera. Kipimo huchukua dakika chache na hupita mdomoni, hakihitaji kuvua nguo. Unaweza kuomba daktari au muuguzi mwanamke, na asipokuwepo, dharura ya ugonjwa ina nafasi yake katika dini. Na kwa Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Zungumza na daktari, kisha na sheikh wako. Kukubali ruhusa ya Mola wako si udhaifu wa imani.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha tutafute dawa, na tusilijaze tumbo chakula mpaka pumzi ikose nafasi. Kutafuta dawa kunaanza kwa kujua ugonjwa. Kwa hiyo bi harusi mtarajiwa, unapoandika orodha ya ukumbi, hina na sanduku, andika pia: kupima tumbo. Na wewe mama wa bi harusi, mwanao akikwambia tumbo linamuuma, usimwambie ni mawazo. Mshike mkono, mwende.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azijaalie ndoa zetu afya na mapenzi. Aamin.